Nani Atagonga Geji? Somo la Dhamiri kutoka Filamu ya The China Syndrome



Vijana wapendwa, Jumamosi moja ilikuwa zamu yangu kuchagua filamu ya jioni hapa nyumbani kwetu. Wenzangu walitegemea mpira au mapigano. Mimi nikaweka filamu ya mwaka 1979, ambayo ndani yake watu wengi wamevaa tai na wanakodolea macho mishale ya mitambo. Dakika kumi hazijapita, mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Frateri, hii ni ya wakati wa babu zetu!" Tukacheka, tukaendelea.

Saa mbili baadaye filamu ikaisha. Ikaisha vibaya, na ikaisha kimya: majina ya waigizaji yanapita bila muziki wowote. Hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Yule aliyelalamika ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema: "Hivi mimi ningekuwa yule mzee, ningefanya nini?"

Swali hilo ndilo somo letu la leo. Filamu inaitwa The China Syndrome. Nitaisimulia hadi mwisho, kwa hiyo kama hupendi kuharibiwa utamu, itafute kwanza uitazame, halafu urudi.

1. Kwanza tuelewe mtambo

Usiogope, si somo la fizikia. Mtambo wa umeme wa nyuklia kwa kweli ni birika kubwa sana. Fimbo zenye urani hutoa joto, joto huchemsha maji, mvuke huzungusha tabo, tabo huzalisha umeme. Tofauti na birika la jikoni ni hii: ukizima jiko la gesi, moto unakwisha. Urani haikwishi hivyo. Hata baada ya mtambo kuzimwa, fimbo zile huendelea kutoa joto, mwanzoni kama asilimia 6 au 7 ya joto lake la kawaida. Kwa mtambo mkubwa hicho ni kiasi cha kutisha. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni moja: fimbo lazima zifunikwe na maji, muda wote, hata mtambo ukiwa umezimwa. Maji yakipungua zikabaki wazi, zinaweza kuyeyuka.

Jina la filamu limetokana na utani wa wahandisi: kwamba kiini kikiyeyuka kitatoboa sakafu, kitatoboa ardhi, na kutokea upande wa pili wa dunia, China. Bila shaka hakiwezi kufika China, na hata ukitoboa dunia kutoka Marekani hutokei China. Hofu yenyewe ilikuwa kwamba kikikutana na maji ya ardhini, mvuke wenye mionzi ungelipuka na kusambaa.

2. Kisa chenyewe

Kimberly Wells (Jane Fonda) ni mtangazaji wa televisheni jijini Los Angeles. Wakubwa wake wanampa habari nyepesi nyepesi tu, na wanajali zaidi sura yake kuliko akili yake. Siku moja anatumwa kuandaa kipindi katika mtambo wa nyuklia uitwao Ventana, ambao ni wa kubuni. Anakwenda na mpiga picha Richard Adams (Michael Douglas) na fundi wa sauti, Hector.

Wakiwa nyuma ya kioo cha chumba cha kuongozea mitambo, ghafla jengo linatikisika. Kengele zinalia. Msimamizi wa zamu, Jack Godell (Jack Lemmon), anatazama mshale wa kiwango cha maji: unasema maji yamezidi. Wanaanza kuyapunguza. Mshale hausogei. Wanapunguza tena. Kisha Jack anaisogelea geji na kuigonga kwa kidole. Mshale ulikuwa umekwama! Unaporomoka chini. Kumbe maji hayakuzidi hata kidogo, yalikuwa yanakaribia kuisha, na wao ndio waliokuwa wakiyamaliza.

Wanafanikiwa kuyarudisha. Jack anaketi, jasho linamtoka. Richard amerekodi yote kwa siri. Lakini kituo cha televisheni kinagoma kurusha mkanda huo, kwa kuogopa kushtakiwa. Kampuni nayo inatangaza kuwa lilikuwa tukio dogo. Uchunguzi unafanyika haraka haraka, na mtambo unaruhusiwa kuwashwa tena.

Watu wote wamepumua, isipokuwa mmoja. Jack anakumbuka kwamba mitikisiko ilikuwa miwili. Wa kwanza unaelezeka. Wa pili, ule uliotikisa kahawa ndani ya kikombe chake, hauelezeki. Anashuka chini kwenye pampu, anakuta maji yanavuja. Anafungua makabrasha ya ujenzi. Maungio ya mabomba ya pampu yalipaswa kupigwa picha za eksirei kila moja, ili kuhakikisha kuwa hayana ufa. Jack anatazama picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ni picha ileile! Mtu alipiga picha moja, akainakili mara nyingi, akaweka sahihi.

Anawaeleza wakubwa. Kupiga picha upya kutagharimu mamilioni ya dola, na kila siku mtambo unaposimama ni hasara. Isitoshe, kampuni inasubiri kibali cha kujenga mtambo mwingine. Jack anaambiwa aache. Anampa Hector zile picha azipeleke kwenye kikao cha kibali. Gari la Hector linasukumwa nje ya barabara na ushahidi unapotea. Jack mwenyewe anafukuzwa barabarani, anakimbilia mtamboni, na anakuta wanauwasha kwa nguvu kamili. Hapo anampokonya mlinzi bastola, anawatoa wenzake nje, anajifungia ndani, na kudai jambo moja: aongee na watu moja kwa moja kwenye televisheni.

Kimberly anafika. Matangazo yanaanza. Jack amekuwa mtu wa geji na valvu maisha yake yote, si mtu wa maneno. Anababaika, anaeleza vitu vya kitaalamu ambavyo mtazamaji wa kawaida hawezi kuvifuata. Wakati huohuo wakubwa wanaagiza mtambo uzimwe ghafla kwa nje ili kumchanganya. Askari wanavunja mlango, wanampiga risasi. Sekunde chache baadaye jengo linatikisika, na ile pampu aliyoilalamikia inaanza kung'oka. Mtambo unanusurika, kwa shida. Jack hanusuriki.

3. Siku 12 baadaye

Filamu ilitoka Marekani tarehe 16 Machi 1979. Watu wa sekta ya nyuklia waliishambulia, wakisema inatia watu hofu bure. Lakini haikutungwa hewani. Miongoni mwa washauri wake wa kitaalamu walikuwa wahandisi watatu walioacha kazi zao nzuri katika kampuni ya General Electric mwaka 1976 kwa sababu za usalama. Na ule mshale uliokwama ulikuwa na ndugu yake halisi: mwaka 1970, katika mtambo wa Dresden jimboni Illinois, kalamu ya kuchora kiwango cha maji ilikwama na kuwapotosha waendeshaji.

Kisha ikaja tarehe 28 Machi 1979, siku 12 tu baada ya filamu kutoka. Saa kumi alfajiri, katika mtambo wa Three Mile Island jimboni Pennsylvania, pampu za maji zilisimama. Mtambo ukajizima wenyewe, kama ulivyotengenezwa. Valvu ya kupunguza shinikizo ikafunguka, kama ilivyotengenezwa. Ilipaswa kujifunga baada ya sekunde chache. Haikujifunga.

Sasa sikiliza jambo hili. Kwenye meza ya waendeshaji kulikuwa na taa ya valvu hiyo. Taa ikaonesha kuwa valvu imefungwa. Kumbe taa ile haikupima valvu yenyewe. Ilionesha tu kwamba *amri* ya kufunga imetumwa. Amri ilitumwa, valvu haikutii, na taa haikuwa na habari. Maji yakaendelea kutoka. Kipimo kingine kikawafanya waendeshaji waamini kuwa maji yamezidi, nao wakapunguza maji ya dharura. Kengele zaidi ya mia moja zililia katika dakika za mwanzo. Nani angejua asikilize ipi? Hali hiyo ilidumu zaidi ya saa mbili, mpaka mtu wa zamu iliyokuwa inaingia, mwenye macho mapya, alipotilia shaka valvu ile na njia yake ikafungwa.

Baadaye ilijulikana kuwa takribani nusu ya kiini ilikuwa imeyeyuka. Kwa neema ya Mungu, na kwa uimara wa kuta zilizojengwa vizuri, kilibaki ndani. Hakuna aliyekufa siku ile. Lakini gavana aliwashauri wajawazito na watoto wadogo walio karibu waondoke, na watu wapatao 140,000 waliacha nyumba zao kwa muda.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko yote. Mwaka 1977, katika mtambo wa Davis-Besse jimboni Ohio, uliotengenezwa na kampuni ileile, valvu ya aina ileile ilikwama vilevile, na waendeshaji wakapunguza maji vilevile. Bahati nzuri mtambo ulikuwa ukifanya kazi kwa asilimia 9 tu, na waligundua baada ya dakika 20 hivi. Mapema mwaka 1978 mhandisi mmoja wa kampuni hiyo aliandika waraka akitaka waendeshaji waonywe wasiyakate maji mapema. Waraka ukapita meza hii, ukaenda meza ile, ukaulizwa maswali, ukakaa. Waendeshaji wa Three Mile Island hawakuupata. Hapakuwa na jambazi hapo, hapakuwa na gari la kusukumana barabarani. Palikuwa na karatasi nzuri ambayo hakuna aliyeona kuwa ni kazi yake kuifikisha.

Tume iliyoundwa na Rais Carter, chini ya John Kemeny, ilitoa ripoti Oktoba 1979. Kwa kifupi ilisema kuwa tatizo la msingi lilikuwa la watu, siyo la vyuma peke yake: mafunzo yao, mpangilio wao, na ile fikra kwamba mitambo imeshakuwa salama vya kutosha.

Sisemi haya ili uchukie nyuklia. Wakristo wema wanaweza kutofautiana kuhusu namna ya kupata umeme. Ninachotaka tujifunze kinakuhusu hata kama hutaona mtambo wa nyuklia maisha yako yote.

4. Fundisho la kwanza: dhamiri nayo hukwama

Tumezoea kusema, "Mimi dhamiri yangu haijanishtaki." Sawa. Ila swali ni hili: haijakushtaki kwa sababu uko salama, au kwa sababu mshale umekwama?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 1776 na kuendelea) inafundisha kuwa tunapaswa kuitii dhamiri. Lakini inafundisha pia kuwa dhamiri inaweza kukosea, na kwamba mara nyingine kosa hilo ni letu wenyewe: pale mtu asipojishughulisha kuutafuta ukweli, au anapozoea dhambi mpaka macho yake yanakuwa mazito (namba 1791). Mshale haukwami kwa siku moja. Unakwama kwa vumbi la kila siku.

Na wakati mwingine dhamiri yetu inafanana na ile taa ya Three Mile Island. Inatuonesha *amri*, haituoneshi *valvu*. Nimeamua kuacha picha chafu, kwa hiyo nahisi nimeshaacha. Nimesema nitamrudishia rafiki yangu pesa zake, kwa hiyo nahisi kama nimeshamlipa. Amri imetumwa, taa inaonesha shwari, na huku maji yanavuja!

Dawa yake? Gonga geji. Kwa Mkatoliki, kugonga geji ni kutafuta moyo kila jioni, dakika tano tu, bila kujitetea. Ni kitubio cha mara kwa mara. Ni kuwa na mtu wa "zamu nyingine", yaani mlezi, padre au rafiki mcha Mungu, anayekutazama kwa macho mapya. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaweka utayari wa kufundishwa ndani ya fadhila ya busara yenyewe. Maana yake, asiyekubali kuulizwa hana busara, hata kama ana digrii. Najisemea mwenyewe hapo.

5. Fundisho la pili: ile picha moja

Picha ya eksirei iliyonakiliwa ilinichoma, na nina sababu.

Mwaka wangu wa kwanza wa falsafa nilipewa kazi ya kutunza jenereta. Kila jioni nilipaswa kuchomoa kijiti cha kupimia oili, kukifuta, kukitumbukiza tena, kusoma kiwango, halafu kuandika kwenye daftari: tarehe, kiwango, sahihi. Wiki za kwanza nilifanya kama mtakatifu. Kisha jioni moja mvua ikanyesha, na kibanda cha jenereta kiko mbali. Nikaandika "Sawa", nikasaini. Kwani jana ilikuwa sawa, si ndiyo? Jioni iliyofuata mvua haikuwepo, lakini uvivu ulikuwepo. Nikaandika "Sawa". Ikawa desturi. Nikafika mahali nikawa naandika siku mbili tatu kwa mkupuo.

Akaja fundi, mzee mmoja mlei, mpole kabisa. Akachomoa kijiti, akakitazama, akakifuta kwa kitambaa chake. Oili ilikuwa imebaki kidogo mno. Akafungua daftari. Hakupandisha sauti. Akaniuliza tu: "Frateri, ya kesho nayo umeshaipima?"

Jamani. Nilikuwa nimesaini mpaka tarehe ya kesho.

Mzee yule hakunisemea kwa mtu. Nilijipeleka mwenyewe kwa padre mlezi baada ya usiku wa bila usingizi. Hakunifukuza. Aliniambia nirudi kwenye daftari, na pembeni ya kila mstari wa uongo niandike: "Sikupima." Mistari 19. Kila "Sikupima" niliyoiandika iliniuma kuliko adhabu yoyote. Na aliniambia kitu ambacho sijakisahau: "Siku moja utasaini vyeti vya ubatizo na vya ndoa. Mkono utakaosaini ni huohuo."

Katika Luka 16:10 Bwana wetu anaunganisha uaminifu wa jambo dogo na wa jambo kubwa: ni moyo uleule. Aliyenakili picha katika filamu huenda hakutaka kuua mtu. Pengine alikuwa amechoka, pengine bosi alikuwa anamharakisha, pengine maungio ya kwanza yalikuwa mazuri akafikiri mengine pia ni mazuri. Amri ya nane huvunjwa namna hiyo pia: kimya kimya, kwa kalamu, na hakuna anayelia. Kilio huja miaka mingi baadaye, kwa watu ambao hata hukuwafahamu.

Wewe unayesaini mahudhurio ya rafiki ambaye hayupo chuoni, wewe unayenakili ripoti ya mafunzo kwa vitendo, wewe mweka hazina wa kikundi unayejaza "tulinunua" kabla hujanunua: hiyo ndiyo picha yako ya eksirei.

6. Fundisho la tatu: mlinzi na tarumbeta

Soma Ezekieli 33. Mungu anamlinganisha nabii na mlinzi wa mji. Mlinzi akiona hatari inakuja akapiga tarumbeta, na watu wakapuuza, lawama ni yao. Lakini akiona akanyamaza, anadaiwa yeye. Mwanzoni mwa Misa tunapokiri dhambi zetu hatutaji tu tuliyoyatenda. Tunataja pia wajibu ambao hatukuutimiza. Na Katekisimu namba 1868 inasema wazi kuwa tunashiriki dhambi za wengine tunapozificha au tusipozizuia ilhali tuna wajibu wa kufanya hivyo.

Angalia namna watu wanavyonyamaza katika kisa hiki. Mkubwa wa televisheni ananyamaza kwa kuogopa mahakama. Mkandarasi ananyamaza kwa kuogopa gharama. Na katika kisa cha kweli, waraka ulinyamaza juu ya meza kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ameshaushughulikia. Aina hii ya tatu ndiyo yetu wengi. Katika jumuiya, kwaya, hosteli, kundi la WhatsApp, tunaona binti anadhulumiwa, tunaona michango inaliwa, na kila mmoja anasema moyoni, "Viongozi wanajua." Viongozi nao wanasema, "Kama lingekuwa kubwa, wangetuambia."

Tomaso wa Akwino anafundisha kuwa tendo kuu la fadhila ya nguvu ni kuvumilia, kusimama imara bila kuyumba, zaidi hata ya kushambulia. Ushujaa wa Jack ulianza kabla ya bastola. Ulianza pale alipokuwa peke yake na makabrasha, usiku, hakuna kamera, na angeweza kabisa kuyafunga akaenda nyumbani kulala.

7. Je, Jack alikosea kushika bastola?

Hapa ndipo sisi tulibishana mpaka kengele ya kulala ikalia, na sitaki kuwadanganya kuwa tulikubaliana wote.

Maadili yetu yanatazama mambo matatu: tendo lenyewe, nia, na mazingira. Nia ya Jack ilikuwa safi. Mazingira yalikuwa mazito: mtambo unawashwa, njia za kawaida zimezibwa, maisha ya watu wengi yako hatarini. Mmoja wetu alisema: kuzuia mtambo usilipuke ni kama kumnyang'anya mlevi funguo za gari, si wizi. Hoja yake ina uzito. Jack hakumuua mtu, na yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa chumba kile.

Hata hivyo Kanisa linafundisha kuwa lengo jema haliifanyi njia mbaya kuwa njema (namba 1753). Kuwatishia wenzako kwa bastola si jambo dogo. Na filamu yenyewe, bila kuhubiri, inatuonesha matokeo: tangu aliposhika bastola, hakuna aliyezungumza tena juu ya maungio ya pampu. Wote walizungumza juu ya bastola. Aliwapa wakubwa kile walichokihitaji, picha ya kichaa mwenye silaha.

Mimi naona hivi: Jack alikuwa mtu mwema aliyeachwa peke yake mno. Kosa lake, kama lilikuwepo, lilikuwa na baba wengi. Kila aliyeziba mlango mmoja wa ukweli alimsukuma hatua moja kuelekea kwenye bastola ile. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "Kwa nini alifanya fujo?", tuulize "Nani alikataa kumsikiliza alipokuja kwa upole?" Swali hilo liwahusu wazazi, walezi, viongozi wa vijana, nasi mafrateri tunaojiandaa kuwa wachungaji.

8. Ted

Nimalizie na mtu ambaye wengi hawamtaji. Ted Spindler ni rafiki na mfanyakazi mwenzake Jack, mtu wa kawaida, mwenye familia na kazi ya kupoteza. Kwa sehemu kubwa ya filamu yeye ndiye anayemtuliza Jack: acha bwana, usijitafutie matatizo.

Baada ya Jack kufa, msemaji wa kampuni anatoka nje na kuwaambia waandishi kuwa mtu yule alikuwa amelewa na amechanganyikiwa. Huo ni usingiziaji, dhambi dhidi ya amri ya nane, na anayesingiziwa ni maiti asiyeweza kujitetea. Kimberly anamwona Ted katikati ya watu, anamsogezea kipaza sauti. Ted anasitasita. Anatazama huku na huku. Kisha anasema kwamba Jack hakuwa kichaa. Alikuwa na akili timamu kuliko wote, na asingefanya alivyofanya bila sababu.

Maneno machache tu. Hayamfufui Jack. Lakini baada ya hayo, uongo hauwezi tena kupita bila kupingwa.

Vijana, si wote tutaitwa kuwa Jack. Wengi wetu tutaitwa kuwa Ted: tuliochelewa, tulioogopa, tuliomwambia mwenzetu aache. Na bado mlango haujafungwa. Petro naye alichelewa; alikana mbele ya moto wa makaa, na baadaye akashuhudia mbele ya Baraza. Kipaza sauti kikikufikia, hata ukiwa unatetemeka, sema ulichokiona.

Maswali ya kutafakari (peke yako au katika kikundi)

1. Ni mshale gani katika maisha yangu unaonesha "shwari" kwa muda mrefu bila kugongwa?
2. Ni wapi nimesaini kitu ambacho sikukipima? Naweza kuandika "Sikupima" kwa nani?
3. Nina waraka gani juu ya meza yangu, yaani onyo ambalo nilipaswa kumfikishia mtu na sijamfikishia?
4. Nani amenijia kwa upole na jambo zito, nami nikamwambia aache?

Zoezi la wiki

Kwa siku saba, kabla ya kulala, tafuta moyo kwa dakika tano. Chagua jambo moja dogo la wajibu wako na ulifanye kwa ukamilifu, hasa pale ambapo hakuna atakayekagua. Mwisho wa wiki, nenda kitubio.

Tusali

Bwana Yesu, wewe ni Ukweli. Gonga moyo wangu pale ulipokwama. Nifundishe kupima kabla ya kusaini, na kusema kabla hatujachelewa. Wakumbuke wote wanaokesha zamu za usiku ili sisi tulale salama. Uwape nguvu wale wanaosema ukweli peke yao, nami unipe moyo wa kusimama karibu nao. Mama Maria, Kiti cha Hekima, utuombee. Amina.

Nawaombea wiki njema. Nanyi mniombee, na mkinikuta karibu na jenereta, niulizeni kama nimepima.

Frateri wenu katika Kristo.